Maji ya Majivu

"Imepanda tena, mama," alisema Dokta Jubilate, na Tusekile hakuuliza ni kitu gani kilichopanda. Alikwisha kuzoea. Karibu kila walipomtoa mumewe damu kwenye ule mkono uliobaki mifupa na mishipa, jibu lilirudi lilelile: potasiamu. Jina lenyewe alikuwa amejifunza kulitamka kama mtu anavyojifunza jina la mkwe asiyempenda.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya wanaume, khanga moja kiunoni, nyingine begani, miguu imejaa tope la uwanja wa hospitali. Hakulia. Kulia nako ni kazi jamani, na mwanamke huyu kazi zilikuwa zimemchosha. Alikuwa amechoka kumwinua mtu, kumgeuza mtu, kumsikiliza mtu anavyotafuta pumzi. Alikuwa amechoka hata kujibu wale wanaouliza "Mgonjwa anaendeleaje?" huku wanapiga hesabu za matanga. Kama mtu angemwambia, Mama Anyitike, lala hapahapa sakafuni mpaka mvua zikatike, angesema ndaga fijo, asante sana, na angelala kweli.

"Nisikilize vizuri," daktari akaendelea. Alikuwa kijana wa Upareni, mpole, hajamaliza mwaka huku ziwani. Hii hospitali ya misheni ilikuwa imepata mashine ya kupima madini ya damu kutoka kwa wafadhili, naye ndiye aliyejua kuisoma. "Moyo wa mzee umechoka. Moyo ukichoka, figo hazipati damu ya kutosha, zinashindwa kutoa yanayozidi. Potasiamu ni madini, kila mtu anayo, mimi ninayo, wewe unayo. Ila yakizidi, moyo unasimama ghafla. Haupigi hodi. Sasa kile kidonge cheupe kinachompa pumzi, nacho kina tabia ya kuyazuia hayo madini yasitoke mwilini. Alhamisi tutapima tena. Kama hayajashuka, itabidi nikiondoe."

"Ukikiondoa?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Atarudi alivyokuwa."

Alivyokuwa! Tusekile hakuhitaji kuelezwa. Kabla ya kidonge kile Zebedayo alilala ameketi, ameegemea gunia la mpunga, mdomo wazi, miguu imevimba ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Alikuwa akihesabiwa kuwa amekwenda. Halafu kikaja kidonge, na baada ya wiki chache mzee akalala chali usiku kucha. Akatembea mpaka kwenye kakao. Akawatukana mbuzi wa jirani, kwa sauti, na Tusekile alisimama mlangoni akisikiliza yale matusi kwa furaha. Kumwondolea kidonge ilikuwa ni kumwondoa mtu mwenyewe, basi.

"Chumvi anakula?" daktari akauliza, kama alivyouliza kila mara.

"Hapana."

"Hata ya kuonjaonja?"

"Dokta, chumvi yangu iko kwa jirani. Nyumbani haipo kabisa."

"Na ndizi?"

"Tangu ulipomkataza ndizi hajala hata kidole kimoja. Wanakula wajukuu."

Na katika hayo yote hakusema uongo hata nusu. Ubaya wa habari hii ndio huo. Angekuwa mwongo au mzembe, tungemsema tukamaliza, tukaenda zetu.

Wenye umri wanaikumbuka miaka ya foleni, madukani hamna kitu, rafu tupu, muuza duka anapiga miayo. Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi hakuna. Zebedayo wakati huo alikuwa kijana mwenye miguu myepesi, na ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, alikuwa na mjomba. Alivuka Katumba Songwe mto ukiwa umepungua, akarudi na chumvi kwenye kila kitu kinachoweza kubeba chumvi. Nusu ya Ipyana ilikolea kwa mkono wake. Harusi zilimsubiri yeye. Watu walimwita Zebedayo wa Chumvi, na wengine mpaka leo hawajui jina la baba yake.

Safari moja Tusekile alivuka naye. Akafunga mfuko wa chumvi mgongoni kwa khanga, akaufunika vizuri na kitambaa cha mtoto. Wakakutana na askari wawili njiani. Askari mmoja akanyoosha mkono amfunue huyo mtoto amwone. Zebedayo alimtupia mkewe jicho moja tu, jicho la kusema nyamaza, haya niachie mimi, halafu akamgeukia askari na sura ya huzuni. "Afande, usimfunue, ana surua, juzi tumemzika mwenzake." Yule askari akarudi nyuma hatua nzima, akawapa na pole. Walipofika kwenye migomba walicheka mpaka wakakaa chini. Tusekile alikuwa akisimulia hadithi hiyo kwa miaka, na kila akiisimulia ile surua ilizidi kuwa kali.

Siku hizi ni ruksa. Ingia duka lolote Kyela mjini, chumvi imepangwa mpaka darini, ya mfuko, ya kopo, ya kutoka Bara na ya kutoka ng'ambo. Mpakani Kasumulu malori yanapita mchana kweupe na hakuna anayebeba chumvi kama mtoto. Na ndipo yule aliyewalisha watu chumvi akaambiwa, mzee, ukiigusa unakufa. Ukifikiria sana unaweza kugombana na Mungu.

Mwanzoni Tusekile alimpikia chakula kitupu kama alivyoagizwa. Zebedayo akaonja, akaisukuma sahani. "Mama Anyitike, mimi bado sijafa. Mbona unanipa chakula cha maiti?"

"Ni amri ya daktari, baba."

"Daktari ale yeye."

Akaanza kukonda. Akawa anakula kijiko kimoja cha wali kwa heshima tu, kisha anageukia ukuta. Tusekile alibembeleza, akafoka, akalia, akaimba nyimbo za kanisani huku ameshika kijiko. Miguu ilikuwa imepungua uvimbe lakini na mtu mwenyewe alikuwa anapungua. Ikafika siku akaona mumewe hatakufa na moyo, atakufa na njaa, tena mbele ya sufuria lake.

Ndipo akakumbuka maji ya majivu.

Mto Songwe ulipofurika na kuvuka hakuna, hata Zebedayo wa Chumvi alikaa nyumbani mikono kiunoni. Siku hizo Tusekile alifanya alivyofanya bibi yake. Unakusanya maganda ya ndizi, unayaanika yakauke, unayachoma. Majivu unayaweka kwenye chungu kilichotobolewa kitako, chini umetandika nyasi, juu unamimina maji taratibu. Yanachuja tone kwa tone, rangi ya chai ya rangi, makali kidogo kwenye ulimi. Ukiyatia kwenye mboga zinalainika na zinapata ladha. Hakuna aliyeyaita chumvi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaita chumvi. Ni majivu, na majivu moto umekwisha kuyapitia, yana nini tena?

Na maganda yalikuwepo tele. Ndizi zile alizokatazwa baba mwenye nyumba, wajukuu walizila kwa fujo, maganda wakayatupa uwanjani. Tusekile akayaokota, akayaanika juu ya uchanja wa kakao, akayachoma, akachuja, akajaza kibuyu. Jioni ile akampelekea mumewe wali na majani ya maboga na kipande cha samaki mbasa. Zebedayo akapeleka tonge mdomoni kwa uvivu. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akafumba macho.

"Hii," akasema, "ni ya mwaka ule mto ulipofurika."

"Ndiyo yenyewe."

"Ee Tusekile!" Alimwita jina lake la usichana, jina ambalo hakulitumia tangu Anyitike azaliwe. Akala akamaliza, akafuta sahani kwa kidole. Na mwanamke huyu mwenye nywele nyeupe, mwenye magoti yanayouma, aliinua ile sahani tupu akajiona bibi harusi. Sitaki mtu amcheke kwa hilo. Alifurahi sana, na alikuwa hajafurahi kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo ndipo damu ilipoanza kupanda.

Walipomlaza hospitali kumchunguza, Tusekile alikwenda naye kama wanavyokwenda wake wote. Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la wauguzaji, mafiga yamejipanga, kila mtu anampikia mgonjwa wake. Kibuyu nacho kilikwenda, ndani ya kikapu pamoja na unga na sufuria. Hakukificha. Kilikaa pale kwenye figa lake machoni pa kila mtu, na wanawake wengine waliomba matone ya kulainishia maharage.

Katikati ya siku hizo malaria ikamwangusha Tusekile. Ikabidi arudishwe Ipyana kwa baiskeli, na mgonjwa akashikwa na Felista. Huyu Felista ni dada yake Zebedayo, mfanyabiashara wa vitenge pale mpakani Kasumulu, mwanamke wa sauti kubwa, mkono wazi, na wa kupika hana mpango. Moto wa banda la wauguzaji aliuona ni adha. Asubuhi alimpa kaka yake uji wa hospitali. Jioni alimchemshia wali mweupe na samaki, bila kitu, akamwekea mbele. Zebedayo akalalamika. "Kula!" akafokewa. "Unataka pilau? Harusi ya nani?" Akala, maana dada yake alimwogopa tangu utotoni.

Na damu ikashuka. Mashine ikasema imeshuka, daktari akatabasamu, manesi wakampongeza Felista. Tusekile alipata habari hizo kitandani, mwili bado unamtetemeka. Alimshukuru Mungu, lakini kuna mahali palimchoma. Yeye anakesha, anachuja, anapepea moto mpaka macho yanamtoka machozi, halafu mtu anakuja na uji wa hospitali na makelele, anapona mgonjwa!

Akarudi upesi kuliko alivyopaswa. Akamkuta mumewe amenyong'onyea, mashavu yameingia ndani. "Umekuja," alimwambia kwa sauti ndogo, "nilidhani nitakufa na uji." Basi Tusekile akawasha moto akapika kwa moyo wote, na ili kumrudishia nguvu akaongeza yale maji ya majivu, akamimina kwa ukarimu. Siku chache baadaye wakapima damu, na ndipo tulipomkuta pale kwenye benchi akiambiwa imepanda tena.

Jumatano, Felista akafika kutoka Kasumulu na kaka yao mkubwa, Samsoni, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kofia isiyovuliwa. Walimkuta Tusekile bandani anapuliza moto. Walisalimiana vizuri, "Ugonile," wakaitikiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Felista akaweka mkoba chini.

"Wifi, nikuulize jambo, na usinikasirikie. Nikimlisha mimi, damu inashuka. Ukimlisha wewe, inapanda. Unamtilia nini kaka yangu?"

Miiko yote bandani ikasimama. Wanawake waliokuwa wakikoroga uji wakaacha kukoroga. Lile neno lenyewe Felista hakulisema, lakini lilikuwa limekaa pale katikati ya mafiga na kila mtu aliliona.

"Namtilia chakula, wifi," Tusekile akasema. "Nimtilie nini kingine?"

"Mimi nauliza tu."

Samsoni akakohoa. "Shemeji, tumeongea kama ndugu. Kesho akishapimwa tunamchukua. Atakwenda kukaa kwa Felista. Na wewe upumzike, umechoka."

Upumzike! Neno hilo lilimwingia Tusekile vibaya, na ubaya wenyewe ni kwamba lilimwingia tamu. Wamchukue, alisema moyoni. Wamchukue wamwinue wao, wamgeuze wao, wamsikilize wao akikoroma alfajiri. Mimi nitafunga mlango nilale siku tatu. Aliisikia raha ya usingizi huo mpaka kwenye mifupa. Kisha akaona aibu, akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Felista ashinde sokoni na vitenge, nani atamshika mtu akitaka kukaa? Na kidonge kitakuwa kimeondolewa. Wangekuwa wamemchukua wa kuzika.

Walipoingia wodini akabaki peke yake na sufuria lake. Wale wenzake wa bandani walijifanya wana shughuli nyingi. Jana walimwomba matone, leo hakuna aliyemtazama. Swali la Felista lilikuwa limeletwa kuumiza, liliumiza, kisha likakataa kuondoka. Unamtilia nini? Tusekile akaanza kupitia kitu kimoja kimoja, maana alikuwa mwanamke wa haki hata kwa adui. Wali, Felista alimpa wali. Samaki, alimpa samaki. Vidonge vilevile, saa zilezile, mkononi kwa nesi. Maji yaleyale ya bomba. Akanyoosha mkono kuchukua kibuyu amalizie mboga, na mkono ukakwama hewani.

"Hapana," akajisemea kwa sauti. "Ni majivu haya."

Akakiweka chini. Akakitazama muda mrefu. Chakula cha jioni ile alikipika kitupu, na Zebedayo akaonja akamtazama kwa mshangao, naye Tusekile akageuza uso.

Sasa mtu anaweza kusema, si amwage tu, amalize? Tusekile alilifikiria hilo, tusimfanye malaika. Angemwaga nyuma ya choo, damu ingeshuka yenyewe, hakuna ambaye angejua. Lakini ingeshuka lini? Kesho asubuhi wanapima. Chakula kitupu cha jioni moja hakiwezi kufuta siku zote zile. Jibu lingekuja baya, daktari asiyejua kitu angeondoa kidonge, na mzee asingemaliza wiki. Ili kidonge kibaki ilibidi aseme. Na akisema, atasema mbele ya Felista na Samsoni, na habari zitatangulia kufika Ipyana kabla yake: alikuwa anamtilia kitu kumbe, mwenyewe amekiri. Atazeeka na maneno hayo. Watoto wake watayarithi. Alikaa pale mpaka moto ukafa, na uchovu aliokuwa nao siku hiyo haukuwa wa mwili.

Alhamisi asubuhi damu ilitolewa, na kabla ya adhuhuri Dokta Jubilate akaja kitandani. Felista alikuwa amesimama upande wa kichwa, Samsoni upande wa miguu, nguo za mgonjwa zimefungwa tayari kwenye shuka. Daktari hakuzunguka.

"Haijashuka. Samahanini sana. Nadhani figo ndizo zinakwisha. Kile kidonge itabidi…"

"Dokta, subiri," Tusekile akasema.

Alitoa kibuyu chini ya khanga, akakiweka juu ya kitanda karibu na magoti ya mumewe. Kizibo kilimshinda, ikabidi daktari akifungue. "Hiki ndicho ninachomtilia. Si chumvi. Ni maji ya majivu. Wifi yangu hakumpa haya, na damu ikashuka. Mimi nimempa. Sijui kama ndiyo yenyewe. Nimeona niseme."

Daktari akanusa. Akachovya kidole, akagusa ulimi, uso ukamkunjamana. "Mlichoma nini?"

"Maganda ya ndizi."

Dokta Jubilate aliketi kitandani pa mgonjwa, jambo ambalo madaktari hawafanyi. "Mama. Ndizi nilimkataza kwa sababu zina potasiamu nyingi."

"Hajala ndizi! Ni maganda, na maganda nimeyachoma. Moto umeyamaliza."

"Moto haumalizi madini, mama. Unakula vingine vyote, hayo unayaacha. Halafu maji yanayachukua." Akakiinua kibuyu, akakitikisa. "Humu mna ndizi za mkungu mzima, zimekamuliwa. Na figo za mzee haziwezi kuzitoa."

Tusekile akaketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi, kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Aliiona ile sahani iliyofutwa kwa kidole. Aliona jinsi alivyoongeza, jinsi alivyomimina ili kumrudishia nguvu. "Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi nilikuwa namuua."

"Mmesikia?" Felista alipata sauti yake, na wodi nzima ikageuka. "Samsoni, umesikia kwa masikio yako? Majivu! Kaka yangu analishwa majivu! Nilisema mimi! Nilisema kuna kitu, mkaniona nina mdomo!"

"Dada, taratibu," daktari akasema, lakini Felista hakuwa mtu wa taratibu.

"Felista, nyamaza."

Aliyesema alikuwa Zebedayo. Alijiinua kwa kiwiko, akasubiri pumzi imfikie, na kila mtu akaisubiri naye. "Ni mimi nilimwambia. Huyu alikataa. Alisema, daktari hajaruhusu, ngoja tumuulize. Nikamwambia, usiponitilia maji ya majivu, sili, nife na njaa mchana huu. Nikamwapisha kwa jina la mama yetu asiseme kwa mtu yeyote. Kama kuna wa kulaumiwa mnilaumu mimi na tumbo langu."

Tusekile alifungua mdomo. Hakukuwa na kiapo. Hakukuwa na kuombwa wala kukataa, yeye mwenyewe aliwaza, yeye mwenyewe alichoma, yeye mwenyewe alitia. Zebedayo akamtupia jicho moja tu. Lilikuwa jicho lilelile la njia ya Katumba Songwe, la nyamaza, haya niachie mimi, na sura ya huzuni aliyomgeuzia kaka yake Samsoni ilikuwa ileile ya surua. Tusekile akafumba mdomo. Machozi yalikuja yenyewe, bila kazi yoyote.

Samsoni akavua kofia, akaigeuzageuza mkononi. "Ulimwapisha kwa jina la mama?"

"Kwa jina la mama."

"Basi angesemaje, maskini," Samsoni akasema. Akainama akafungua fundo la zile nguo zilizofungwa kwenye shuka, akaanza kuzirudisha moja moja kwenye kabati. Felista alibaki na mkono hewani. Kisha, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makelele tu, akamshika Tusekile kwapani akamwinua kutoka sakafuni.

Daktari alisema kidonge kitabaki, watakipunguza kwa muda, watapima tena na tena. Alisema na lingine, kwa kusitasita: kwamba kila siku aliuliza habari ya chumvi na ndizi, na hakuwahi kuuliza, mama, unapika vipi. Tusekile alimsikia kwa mbali. Alikuwa anamtazama mumewe aliyekwisha kugeukia ukuta, amefumba macho, amechoka na uongo wake.

Damu ilishuka. Haikushuka siku moja, lakini ilishuka, na mvua zilipokatika Zebedayo akarudi Ipyana kwa miguu yake kutoka barabarani hadi mlangoni, akisimama njiani kila alipopata mgomba wa kushika. Chungu kilichotobolewa kitako Tusekile alikwisha kukivunja. Maganda ya ndizi waliachiwa mbuzi.

Jioni ya kwanza alipika wali na mbasa, vitupu kabisa. Kabla ya hapo yeye alikuwa akijipikia chake pembeni na ile chumvi yake ya kwa jirani. Siku hiyo hakujipikia. Alileta sahani moja, akaketi kwenye mkeka mbele ya mumewe, kijiko mkononi, akisubiri kuambiwa habari ya chakula cha maiti. Alikuwa amechoka, na alijua kwamba kesho yake atapika hivihivi, na keshokutwa, na kila siku Mungu atakayompa mtu huyu, na kila siku atakuwa yeye wa kumnyima.

Zebedayo aliutazama wali. Akamtazama mkewe.

"Umetia chumvi?" akauliza.

Tusekile akaitengeneza sura yake, akaifanya kavu, sura ya mwanamke aliyebeba mtoto mwenye surua.

"Nimetia."

"Kidogo au sana?"

"Kiganja kizima, baba. Ile ya ng'ambo."

Zebedayo akachukua tonge, akalitafuna polepole, akalimeza kwa shida. Akakaa kidogo, anavuta pumzi.

"Imekolea," akasema, akaisogeza sahani katikati ili naye ale.